Nyundo ya baba: namna wazee wetu walivyochagua na kutunza vyombo vya ufundi nyumbani



Si zamani sana tulikwenda kwenye matanga ya mzee mmoja fundi, hapa Lubumbashi, katika mtaa mmoja wa zamani wa wafanyakazi. Jina lake hatutalitaja, kwa heshima ya watoto wake. Mzee huyu alitumika miaka mingi kama fundi wa vyuma. Kiisha, alipoacha kazi ya kampuni, aliendelea kutumika nyuma ya nyumba yake, chini ya paa la mabati manne tu. Avenue nzima ilimjua. Mbabula iliyotoboka, kinga iliyovunjika, mlango usiofunga, pampu ya maji iliyolala: vyote vilipelekwa kwa mzee.

Matanga yalikwisha. Wiki mbili hazikupita, tukakuta watu wa mitraye wamesimama ndani ya lupango na mizani yao. Eto, nyundo sita, tupa, patasi, kipande cha reli ambacho mzee alikipiga miaka yote, vyote vilikuwa vikipimwa kwa kilo, bei ya chuma kizee. Tulimuuliza mtoto mkubwa: kwa nini? Akatujibu bila ubaya wowote: «Baba hakutuambia hivi vitu ni vya nini.»

Neno hilo lilituuma. Kijana hakukosa adabu, alisema kweli. Baba alimwachia vyombo, lakini hakumwachia maarifa ya vyombo. Na chombo bila maarifa yake ni chuma tu, chuma ni kilo, na kilo ni feza ya siku mbili. Ndiyo maana katika kijitabu hiki tumetaka kuandika juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kuchagua na kutunza vyombo vya ufundi nyumbani. Wengine watasema hiyo si desturi, desturi ni ngoma, ndoa na majina. Sisi tunasema ni desturi, tena ya zamani sana katika inchi yetu. Tuanzie huko.

1. Nyundo ilikuwa karibu na ufalme

Katika bonde la Upemba, kando ya mto Lualaba na maziwa yake, wazee wa kale walizika wafu wao pamoja na vitu vyao. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, na kazi iliendelea katika miaka ya 1970 pamoja na mtaalamu Pierre de Maret. Pale Kamilamba, katika kaburi moja la kati ya karne ya 8 na ya 10, walikuta shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari, na karibu yake fuawe ya chuma, yaani kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Tufikiri kidogo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mtu mwenye heshima alilazwa kaburini pamoja na chombo cha ufundi. Hakikupimwa kwa kilo.

Kwa Waluba, jambo hilo liliendelea. Hadithi za asili ya ufalme zinasema kwamba Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga ndio walioleta adabu mpya ya utawala, na maarifa ya kufua chuma yanatajwa pamoja nao. Katika kumtawaza mfalme kulikuwa na tendo linaloitwa kupiga fuawe: mfalme anapigwa kidogo magotini, kama vile mhunzi anavyopiga chuma, juu ya kuonyesha kwamba naye anafuliwa upya. Hata wanawake walichomeka katika nywele zao pini za chuma zenye umbo la fuawe ndogo.

Na neno lenyewe ni lipi? Ni nyundo. Kwa Kiluba chombo hicho kinaitwa nyundo, na kile kile kilifanya kazi mbili: ukikishika mkononi ni cha kupigia, ukikichomeka ncha yake katika gogo ni cha kupigiwa juu yake. Mswahili wa pwani naye anasema nyundo. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi anaposema leo «leta nyundo», anatumia neno lililotembea kutoka mbali sana. Lakini hajui.

2. Wala-shaba na vyombo vyao

Mbali na chuma, kulikuwa na mukuba, yaani shaba. Misalaba ya shaba ya Katanga, ambayo tunaweza kuiona katika jumba la makumbusho la Lubumbashi, ilifuliwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Iliwekwa kaburini, ililipiwa mahari, na ile midogo ilitumika kama feza. Hata bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ilichorwa misalaba mitatu. Watu wa ufundi huu waliitwa «wala-shaba», maana walikula kwa jasho la shaba. Padri Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu hapa, aliona wafua shaba wazee wakionyesha kazi yao, akaiandika na kuitoa mwaka 1926.

Sisi tunachotafuta katika habari hizo ni vyombo. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashamba yanapumzika. Waliokota mawe ya kijani, wakachoma makala ya miti migumu, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Kwa nini kichuguu? Kwa sababu udongo huo mchwa ameusaga na kuushikamanisha, haupasuki upesi mbele ya moto. Kwa nini makala ya mti mgumu? Kwa sababu yanakaa, hayaishi kama majani. Mivuo ilikuwa ya ngozi ya mnyama, na mdomo wake wa udongo. Huo tayari ni uchaguzi wa vyombo, na ni uchaguzi wa mtu anayejua sababu.

Kisha kulikuwa na wale waliovuta nyaya. Huo ndio ufundi ambao Wayeke wa Bunkeya, watu wa M'siri aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, walisifiwa nao. Fundi alifua kipande cha shaba mpaka kikawa fimbo ndefu, kiisha akaipitisha katika tundu la chuma, akaivuta. Halafu tundu jembamba zaidi. Halafu jembamba zaidi tena, mpaka uzi wa shaba ukawa mwembamba wa kuzungushia bangili. Sasa mtu yeyote wa ufundi anaelewa: kama tundu lina mkwaruzo mmoja tu, uzi mzima utakuwa na mkwaruzo. Chombo kikiwa kibaya, kazi yote itakuwa mbaya, toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo kile chuma cha matundu kilitunzwa kuliko bangili zenyewe. Bangili iliuzwa, chombo kilibaki.

3. Toka karakana ya kampuni mpaka lupango

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya kiwanda ilitoka mwaka 1911. Mwaka huo wa 1911 Wasalesiani wa Don Bosco nao wakafika, wakafungua shule ya ufundi: useremala, vyuma, ushoni, viatu. Toka hapo watoto wa Katanga walijifunza vyombo vipya na majina mapya: eto, tupa ya meno madogo na tupa ya meno makubwa, rabo, ekeri, nivo, turnevisi, funguo za bulo.

Kwa wengi mwalimu wa kwanza alikuwa tupa. Katika shule za ufundi wa zamani, mwanafunzi alipewa kipande cha chuma kibaya, akaambiwa akifanye mchemraba kwa tupa tu, pande zote sita sawa, ekeri isionyeshe mwanga. Wiki nzima, wengine mwezi. Mikono ilitoka malengelenge. Wazee waliopita hapo wanasema kwamba pale ndipo walijifunza subira, wala si chuma.

Lakini tofauti moja kubwa iliingia. Kwa mhunzi wa kijiji chombo kilikuwa cha ukoo. Katika karakana ya kampuni chombo kilikuwa cha kampuni: asubuhi unakichukua kwenye magazini, jioni unakirudisha. Mtu aliweza kutumika miaka 30 bila kuwa na nyundo moja yake. Kwa hiyo wale wenye akili walianza kujitengenezea vyao, polepole, nyumbani. Patasi ilitoka katika resori ya mutoka, kisu katika blade ya msumeno, fuawe katika reli iliyokatwa. Hiyo ndiyo ateli ya kwanza ya lupango.

Baadaye historia ikawasukuma wote huko. Kampuni ikawa ya Serikali mwaka 1967, na ikaitwa Gécamines baada ya miaka michache. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mgodi wa Kamoto ukaanguka mwaka 1990, inchi ikavurugika, katikati ya miaka ya 1990 hata tani 50,000 hazikufika. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kila familia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inajua maana ya miaka hiyo. Wakati ule mtu aliyekuwa na eto nyuma ya nyumba alikuwa na chakula. Aliyekuwa na diploma bila eto aliomba chumvi kwa jirani. Hatusemi hivi kwa kucheka elimu, sisi wenyewe ni watu wa shule. Tunasema tulichoona.

4. Kuchagua

Kuna methali inayosema: mchagua jembe si mkulima. Vijana wengine wanaitumia vibaya, wanasema basi chombo chochote kinafaa. Hapana. Methali inamkemea yule anayesimama sokoni siku nzima akigeuza majembe wakati mvua imeanza. Mkulima wa kweli amechagua zamani, sasa yuko shambani. Wazee walichagua mara moja, wakatumia miaka 40. Sisi tunanunua mara 10 kwa miaka miwili, kiisha tunasema chombo cha zamani kilikuwa ghali.

Kanuni ya kwanza ni kuanza na kazi, si na duka. Andika kwanza kile unachotengeneza kweli nyumbani kwako: viti? milango? kinga? mbabula? Halafu nunua vyombo vya kazi hiyo tu, vichache lakini vizuri. Kwa lupango la kawaida nyundo moja nzuri, msumeno mmoja, tupa mbili, ekeri, patasi mbili na eto vinatosha kuanza. Vingine vitakuja kwa kuombwa na kazi yenyewe.

Kanuni ya pili: usidanganywe na rangi. Sokoni leo kuna vyombo vinavyong'aa kama sahani ya sikukuu. Mafundi wetu wanavichukua mkononi, wanatikisa kichwa: «Hii haiko chuma, ni mukebe.» Mara nyingi chombo cha mkono wa pili chenye kutu juu na chuma kizuri ndani ni bora kuliko kipya cha bei ndogo. Kutu ya juu inatoka kwa siku moja. Chuma kibaya hakitoki.

Tuseme sasa namna ya kukijua kimoja kimoja.

Nyundo. Tazama kwanza jicho, yaani tundu la mpini: liwe pana kidogo juu na chini kuliko katikati, ili mpini ukipigiwa kabari ujifunge. Mpini uwe wa mti mgumu wa msitu wetu, uliokauka vizuri, na mishipa ya mti iende sawa toka mwisho mpaka mwisho. Mishipa ikikata kwa pembeni, mpini utavunjika siku moja, na kichwa cha nyundo kinachoruka hakichagui mtu wa kumpiga.

Fuawe. Si kila mtu ana fuawe ya kiwanda. Kipande cha reli kinafaa, tena kinafaa zaidi kikisimamishwa wima juu ya gogo, maana hapo uzito wote wa chuma uko chini ya pigo. Kuijaribu, chukua goroli moja ya rulma, iangushe juu yake. Ikiruka juu sana, uso ni mgumu na mzuri. Ikianguka kama kwenye udongo, uso ni laini, utaacha mashimo.

Eto. Fungua na ufunge mpaka mwisho. Taya zikutane sawa kushoto na kulia. Weka karatasi kati, vuta huku na huku. Kama upande mmoja unashika na mwingine unaachia, taya zimepinda. Parafujo icheze kidogo tu. Ikicheza sana, meno yamekwisha.

Msumeno. Tazama kando ya meno kama mtu anayelenga bunduki: mstari uwe mnyofu. Upinde polepole, kiisha uachie. Msumeno mzuri unarudi wenyewe mahali pake. Ule unaobaki umepinda hautakata mnyofu kamwe.

Ekeri. Hapa hata kipya kinaweza kudanganya. Weka ekeri kwenye ukingo mnyofu wa ubao, chora mstari. Kiisha igeuze upande wa pili, chora mstari wa pili mahali pale pale. Mistari miwili ikilala pamoja, ekeri ni ya kweli. Ikiachana, umeshikishwa uongo. Nivo nayo ni hivyo hivyo: isome, igeuze mwisho kwa mwisho, isome tena. Povu likikaa mahali pamoja, nunua.

Chuma cha kutengenezea. Anayetaka kujifanyia patasi au kisu, achukue resori ya mutoka. Namna ya kuijua ni cheche. Igusishe kidogo kwenye mashini ya kunolea: chuma laini kinatoa cheche ndefu zinazokimbia bila kupasuka sana, resori inatoa cheche zinazopasuka kama maua madogo. Wazee walijua hayo kwa macho tu, bila kitabu.

Na mashini za umeme? Hatuzikatai. Lakini umeme wetu unakuja na kuondoka, na fundi anayengojea umeme analala njaa. Kwa hiyo chagua kwanza cha mkono, halafu ongeza cha umeme. Na juu ya ile mashini ya kukata chuma kwa diski, angalia kitu kimoja kabla ya bei: mwendo ulioandikwa kwenye diski uwe sawa au zaidi ya mwendo wa mashini. Diski ndogo ya mwendo mdogo kwenye mashini ya mwendo mkubwa itapasuka usoni. Kinga ya diski isitolewe, na macho yavikwe miwani. Hilo halina mjadala.

5. Kutunza

Hapa ndipo penye utajiri wa mafundisho ya wazee wetu, na ndipo sisi tumepoteza zaidi.

Adui wa kwanza ni maji. Katanga ina mvua toka Novemba mpaka Aprili hivi, na kwa miezi hiyo chuma kilicholala sakafuni kinaamka na rangi ya mchanga mwekundu. Desturi nzuri ilikuwa hii: jioni, kabla ya kuoga, fundi alipangusa kila chombo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Dakika tano. Sanduku liliwekwa juu ya mbao, halikuguswa na sakafu, na wengine waliweka ndani kipande cha makala juu ya kunywa unyevu, kikibadilishwa kila mara. Mafuta mazee ya mutoka yanafaa kwa chuma kinachongoja muda mrefu. Lakini usiyapake kwenye mipini: yanachafua na kuteleza mkononi. Mpini unapenda mafuta ya kitani, kidogo kidogo.

Mpini uliolegea wakati wa kiangazi usitumbukizwe ndani ya maji. Wengi tunafanya hivyo. Mti unavimba, unashika siku mbili, kiisha unakauka na kulegea zaidi kuliko mbele. Dawa ni kugeuza nyundo, kichwa kikining'inia chini, na kupiga kitako cha mpini kwa nyundo nyingine ya mti: kichwa kitapanda chenyewe juu ya mpini. Halafu kabari mpya.

Tupa ina adabu yake. Inakata ikienda mbele tu. Wakati wa kurudi iinue, usiikokote. Isilale juu ya tupa nyingine, maana meno yanalana. Isipakwe mafuta, itateleza. Isipigwe kama nyundo wala kutumiwa kama nondo, ni ngumu lakini inavunjika kama chupa. Isugue kwa chaki kabla ya kazi, na vumbi la chuma halitashika katika meno. Kiisha isafishe kwa burosi ya chuma, ukifuata mstari wa meno. Tupa mpya wazee waliianza kwenye shaba kwanza, halafu baadaye kwenye chuma kigumu. Kama mtoto: unampa kwanza uji.

Kunoa. Kisu, patasi, shoka na blade ya rabo, kila kimoja kina pembe yake, na anayenoa bila kuangalia pembe anakula chuma bure. Ukitumia mashini ya kunolea, chovya chuma majini kila mara. Ukiona ncha imegeuka bluu, simama: moto umetoa ugumu wake, sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka uitoe yote. Baada ya mashini inakuja jiwe laini, baada ya jiwe inakuja ngozi. Patasi iliyonolewa vizuri inakata mti kama siagi na haihitaji nguvu. Ile butu ndiyo inayojeruhi, maana inataka nguvu, na nguvu inateleza.

Kurudisha ugumu. Patasi ya resori ikipoteza makali kila siku, ipelekwe motoni. Ichome mpaka iwe nyekundu kama kaa, ncha yake ichovywe katika mafuta, isuguliwe iangaze, kiisha ipashwe moto polepole kwa nyuma. Utaona rangi zikitembea kuelekea ncha: manjano hafifu, manjano ya asali, kahawia, zambarau, bluu. Kwa patasi ya mti, simamisha kwa manjano ya asali. Kwa ile ya kukata chuma baridi, ngojea zambarau. Wazee walifanya kazi hii kwenye kivuli, hawakuifanya juani, ili rangi zionekane. Hii nayo ni shule, ndugu zetu.

Na mwisho, patasi za chuma ambazo kichwa chake kimepigwa mpaka kikafunguka kama uyoga: saga uyoga huo, usiuache. Kipande kinachotoka hapo kinakwenda kwa mwendo wa risasi. Tunajua mafundi waliopoteza jicho kwa uyoga tu.

6. Kuazima na kurithisha

Ateli ya lupango haiko ya mtu mmoja. Jirani atakuja: «Mzee, niazime turnevisi kidogo.» Kumkatalia ni kuvunja ujirani, na kumpa bila mpango ni kupoteza turnevisi. Wazee walikuwa na namna mbili. Ya kwanza, alama: kila chombo kilipigwa nukta mbili au tatu kwa ncha ya chuma, mahali pa siri kidogo, na kila fundi wa avenue alijua nukta za mwenzake. Ya pili, ukuta: walichora umbo la kila chombo kwenye ubao wa ukuta, na chombo kikaning'inizwa juu ya umbo lake. Jioni ukiona kivuli bila chombo, unajua mara moja ni kipi, na unakumbuka nani alikuja. Hakuna ugomvi. Lakini vyombo vya makali na vya kupimia havikuazimwa. Ekeri ikianguka mara moja tu imekufa, na anayeirudisha hatakuambia.

Sasa tunarudi kwa yule mzee na mizani ya mitraye. Alikuwa ametunza kila kitu. Tupa zake zilikuwa katika mifuko ya kitambaa, moja moja. Nyundo zake zilikuwa na nukta tatu. Kipande cha reli kilikuwa na uso laini kama kioo, kwa miaka ya kupigwa na kusuguliwa. Kitu kimoja tu alikosa: hakumkalisha mtoto karibu. Labda alifikiri mtoto wa shule atatafuta kazi ya ofisi. Wengi wa kizazi chake walifikiri hivyo, na hatuwezi kuwahukumu, maana walitaka watoto wasichoke kama wao. Lakini kaburi la Kamilamba linatuambia neno lingine. Wale wazee wa kale, walipoweka fuawe karibu na mfu, walikuwa wakisema mbele ya wote: mtu huyu tunamheshimu kwa hiki.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, madogo, ambayo kila familia inaweza kufanya bila feza.

La kwanza: mwenye vyombo achukue daftari la shule, aandike kila chombo, jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kifaransa, kimetoka wapi, kinafanya nini, na kinaogopa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata mali ya nyundo.

La pili: kila likizo mtoto mmoja, msichana au mvulana, apewe chombo kimoja cha kutunza. Kimoja tu. Akipanguse, akinoe, akitumie. Mwaka unaofuata apewe cha pili. Hatutaki wote wawe mafundi. Tunataka wajue kilicho mikononi mwao.

La tatu: siku ya kugawa vitu vya marehemu, vyombo vya ufundi visichanganywe na masufuria na nguo. Viwekwe pembeni, pamoja, na familia iulize kwanza: nani kati yetu, au kati ya wanafunzi wake, au kati ya majirani, anajua kuvitumia? Huyo apewe, hata kama si mtoto wa damu. Mitraye ije mwisho, kwa vile vilivyokufa kweli.

Siku ile, ndani ya lupango, tulichelewa. Mizani ilikuwa imekwisha kupima karibu vyote. Tuliweza kununua nyundo moja tu, ile ndogo, kwa bei ya kilo. Iko kwetu sasa, ina nukta tatu karibu na jicho. Mpini tumeubadilisha, kichwa ni kile kile. Mtoto mkubwa wa mzee alipita hapa mwezi uliofuata, akaiona, akaishika muda mrefu bila kusema. Kiisha akauliza namna ya kuitunza. Tukampa nyundo, tukampa na kitambaa cha mafuta.